Kisukari na Mishipa Midogo ya Damu

Kwa mwenye kisukari, mwiba wa shamba la alizeti hapa kwetu Ulemo si jambo dogo. Sukari ikizidi mwilini miaka mingi, kuta za mishipa midogo huwa nene na njia ya damu hupungua. Tena chembe zinazogandisha damu hunata kupita kiasi, na damu iliyoganda huchelewa kuyeyuka. Mishipa ya fahamu nayo huharibika. Mguu hufa ganzi, kidonda kinaoza bila maumivu. Wengine hudhani wamerogwa! Macho na figo huumia vivyo hivyo. Basi tukague nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole. Asiyeona vizuri aangaliwe na mjukuu. Tukiona kidonda, twende mapema hospitali ya Kiomboi. Aspirini tusimeze bila kuagizwa na daktari.