Sura na Uhalisi katika Tamthilia ya Makbeth

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth ilifasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi, na ikatolewa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Dhamira yake kuu ni tofauti baina ya sura ya nje na uhalisi. Wanafunzi wengi huieleza kwa methali "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", kisha huishia hapo. Makala haya yanadai kuwa maelezo hayo hayatoshi, kwani katika tamthilia hii lugha yenyewe ni mojawapo ya vifuniko vya uhalisi.

2.0 Uso na Cheo

Mfalme Duncan anakiri kuwa hakuna elimu ya kuusoma moyo wa mtu usoni. Anasema hayo juu ya msaliti aliyemwamini. Na papo hapo anaingia Macbeth, mrithi wa cheo cha msaliti huyo, naye anapokelewa kwa imani ileile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa msomaji wa Kwamndolwa, Korogwe, jambo hili si geni. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alimpiga vita mrithi halali, Shekulwavu, akautwaa mji wa Vuga. Hata hivyo hakukikalia kiti mwenyewe: alimtawaza mwanawe, naye akabaki Mazinde, kwenye njia ya misafara ya biashara. Jina la ufalme lilikuwa mlimani. Nguvu zilikuwa bondeni. Tofauti na Semboja, Macbeth alilitaka jina lenyewe, akalipata, na lisimpe usalama.

3.0 Ukweli Unaodanganya

Wachawi hawamwambii Macbeth uwongo. Anaambiwa kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam uje Dunsinane, na kwamba hatadhuriwa na aliyezaliwa na mwanamke. Askari wanakata matawi ili kuficha idadi yao, na msitu "unaonekana" ukitembea. Kitenzi hiki cha Kiswahili kina maana mbili: kuwa wazi machoni, na kudhaniwa kuwa vingine. Mlinzi anayetoa habari hiyo anaongozwa na maana ya kwanza. Ukweli umo katika ya pili.

Fumbo la Macduff ni gumu zaidi kwa mfasiri. Macduff alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa. Lakini katika Kiswahili mtoto wa namna hiyo naye husemwa kuwa "amezaliwa kwa upasuaji", hivyo jibu lake laweza kuonekana hoja dhaifu. Mfasiri akieleza njia ya uzazi mapema, fumbo litafichuka kabla ya wakati. Njia mojawapo ni kutegemea nafasi ya mtendaji: katika "mama alinizaa" mtendaji ni mama, lakini katika "nilitolewa" mtendaji ni mwingine. Pengo hilo dogo la kisarufi ndilo analoangukia Macbeth.

4.0 Hitimisho

Kwa hiyo, si sahihi kusema kwamba katika tamthilia hii sura ni uwongo na maneno ni ukweli. Duncan anaangamia kwa kuuamini uso. Macbeth, anayejua vema kuuvalisha uso wake, anaangamia kwa kuliamini neno. Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii hana budi kuwaongoza wanafunzi wake kuupima usemi kama wanavyoupima mwenendo wa wahusika.