Wema Usiotafuta Ushindi

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, ulianza kuonyeshwa katika televisheni mchezo wa kuchekesha uitwao Ted Lasso. Ted, Mmarekani asiyejua kandanda, aajiriwa kufundisha timu ya London. Mwenye timu, Rebecca, ataka iharibike, ili amwumize aliyekuwa mumewe.

Watazamaji wengi walisema ya kuwa mchezo umewafariji. Wengine, ya kuwa hakuna mtu mwema namna hii.

Basi, tuangalie: Rebecca alipoungama, Ted alimsamehe, hali yeye mwenyewe ana uchungu wa kuachana na mkewe. Tena mwisho wa sehemu ya kwanza timu ilishushwa daraja. Wema wake haukununua ushindi; ndiyo maana wasadikika.

Swali: Je, wamsamehe nani asiyekuletea faida?