Msuguano na Mpira wa Kusokotwa

Katika kriketi, mrushaji huusokota mpira kwa vidole. Unapodunda, msuguano wa ardhi huugeuza upande. Mwanafunzi wa Tukuyu aweza kulichunguza jambo hilo kwa mpira wa tenisi: aurushe kwenye majani yaliyolowa mvua, kisha kwenye udongo mkavu wenye mikwaruzo. Hapo pa pili utapinda zaidi.

Tarehe 24 Februari 2003, mjini Nairobi, Collins Obuya wa Kenya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mipira ya namna hiyo, na Kenya ikashinda. Katika mechi za siku tano ardhi huzidi kukauka na kupasuka, na kazi ya mpigaji huwa ngumu zaidi.

Je, afanyeje? Tuchukue mpira uendao mita 20 kwa sekunde, uliopinda nyuzi 5. Ukidunda mita 3 mbele yake, utamfikia kwa sekunde 0.15, ukiwa umehama sentimita 26. Gongo halizidi upana wa sentimita 10.8, na binadamu huhitaji kama sekunde 0.2 kuitikia akionacho. Akisonga mbele na kuupiga nusu mita tu baada ya kudunda, utakuwa umehama sentimita 4. Mpira udundao mita 5 kutoka kwake humpa sekunde 0.25, huo ausubiri nyuma. Hatari ni kusitasita katikati.

Zoezi: Mpira ukipinda nyuzi 10, apaswa kuupiga umbali gani kutoka ulipodunda ili usihame zaidi ya nusu ya upana wa gongo?