Kuyapokea Maswali ya Vijana Wanaoihoji Imani Yao

Utangulizi

Ni nadra kumpata mwalimu wa somo la dini katika shule ya sekondari ambaye hajaulizwa swali lililomshtua. Kwa nini dua ya mgonjwa haikujibiwa? Je, ningalizaliwa katika nyumba ya jirani, nisingaliifuata dini yake? Baadhi yetu huyahesabu maswali ya namna hii kuwa ni utovu wa adabu, na huyajibu kwa karipio. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuihoji imani ni sehemu ya kukua kwake, kisha tutapendekeza utaratibu wa kuyapokea maswali hayo darasani.

Mfano wa walimu wawili

Historia ya dini inatupa mifano ya watu walioipima imani yao wenyewe, na wawili kati yao walikuwa walimu kama sisi.

Wa kwanza ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Kwa miaka ipatayo tisa alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Mani, huku akifundisha ufasaha wa kusema. Maswali yake yalipozidi, aliambiwa amngojee Faustus, mwanachuoni mkuu wa madhehebu hayo. Faustus alipofika Karthago, hakuweza kuyajibu. Lakini alikiri kwamba hajui. Augustino aliyaacha mafundisho hayo baadaye, na mwaka 387 akabatizwa mjini Milano. Hata hivyo, aliandika kwa heshima juu ya unyofu wa Faustus.

Wa pili ni Al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika Uajemi, mwaka 1058. Yeye aliona kwamba watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi wakiwa Wayahudi, na wa Waislamu wakiwa Waislamu. Akataka kujua ni kipi anachokijua kwa hakika, na kipi alichokipokea kwa kuiga tu. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, aliipima nia yake ya kufundisha akaona imechanganyika na kutafuta sifa. Ulimi wake ukawa mzito hata akashindwa kufundisha, akaondoka. Alirudi kwenye kazi ya ualimu mwaka 1106, huko Nishapur.

Tunajifunza nini? Wote wawili hawakuishia katika kuhoji. Kuhoji kuliwafikisha kwenye imani waliyoweza kuieleza na kuiishi.

Maelezo ya wataalamu

Mwaka 1981 James Fowler wa Marekani alitoa kitabu juu ya hatua za imani. Alieleza kwamba kijana, kwa kawaida, huishika imani ya watu wanaomzunguka bila kuichungua. Baadaye, hasa aingiapo utu uzima, huweza kuichungua na kuifanya yake. Hatuna budi kuyatumia maelezo haya kwa hadhari, kwa kuwa wengi wa watu aliowahoji walikuwa Wamarekani. Hata hivyo, yanatukumbusha kuwa swali la mwanafunzi huenda likawa dalili ya kukomaa.

Wala jambo hili si geni katika elimu yetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliitaja akili ya udadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo elimu yapasa kuyakuza.

Utaratibu wa kipindi

Kwa kipindi cha dakika 40 tunapendekeza hatua zifuatazo:

(a) Wanafunzi waandike maswali yao kwenye vikaratasi bila majina. Hivyo hata mwenye haya atasikika.

(b) Mwalimu ayapange maswali ubaoni kwa mafungu: yale yanayohitaji maelezo ya mafundisho, yale yanayohitaji hoja, na yale yanayotoka katika huzuni. Swali la aliyefiwa na mzazi halijibiwi kwa hoja. Linahitaji mazungumzo ya faragha.

(c) Wanafunzi wajadili swali moja katika vikundi, wakieleza dini yao inafundisha nini na kwa sababu gani.

(d) Mwalimu atoe majumuisho. Asipojua jibu, aseme hajui, na aahidi kutafuta kwa wenye elimu.

(e) Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake: nini nilikipokea kutoka kwa wazazi, nini ninakielewa, na nini bado ninakitafuta. Maandishi haya yasisomwe na mwalimu ila kwa ridhaa ya mwandishi.

Katika kupima, tutoe alama kwa maarifa na ubora wa hoja. Kiasi cha imani ya mtu hakipimwi kwa alama. Aidha, mwalimu asiutumie uhuru huu kubomoa imani za wanafunzi wala kuwavuta kwenye dhehebu lake. Wazazi wametukabidhi watoto wao kwa amana.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi anayenyamazishwa haachi kuuliza. Huuliza moyoni, au kwa watu wasiomtakia mema. Mwisho wake huenda akaiacha dini kimya kimya, au akajifunza kutamka kwa mdomo asiloliamini. Imani iliyoulizwa, ikachunguzwa, ikaeleweka, ndiyo itakayomfaa siku ya msiba, wakati ambapo mwalimu hayupo karibu naye.