Somo la Nne: Ufadhili wa Utafiti na Ajira Nchini Australia

Wako watu wanaouza mifugo au kiwanja cha urithi ili kumlipa wakala aliyewaahidi masomo au kazi nchini Australia. Nafasi hizo zipo kweli, na ndiyo sababu tapeli hupata wa kumsikiliza. Katika somo hili tunamfundisha mtumiaji kuuliza swali moja kabla ya kutoa hata shilingi: fedha hizi zinakwenda kwa nani?

Jinsi ufadhili unavyotolewa

Serikali ya Australia hufadhili wanafunzi wa utafiti wa shahada za uzamili na uzamivu, wakiwamo wageni, kupitia mpango uitwao Research Training Program, ulioanza mwaka 2017. Serikali huvipatia vyuo vikuu fungu la fedha, na vyuo ndivyo vinavyochagua wanafunzi. Ufadhili huo waweza kugharimia ada, posho ya kujikimu, au vyote viwili.

Kwa hiyo maombi hupelekwa chuoni. Kwa kawaida mwombaji huandaa andiko la utafiti, humtafuta mhadhiri atakayekubali kumsimamia, na huthibitisha ufaulu wake pamoja na ujuzi wa Kiingereza. Anayeambiwa kuwa amepata ufadhili wa uzamivu, hali hajaulizwa anataka kutafiti nini, ajue kuwa pana walakini.

Malipo halali na yasiyo halali

Si kila malipo ni utapeli. Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi. Viza, mtihani wa Kiingereza na uchunguzi wa afya vina gharama zake. Na mwanafunzi wa kigeni hutakiwa kuwa na bima ya afya. Malipo hayo hufanywa kwa taasisi inayohusika, nayo hutoa stakabadhi. Anayetaka “ada ya kuachilia ufadhili” kupitia namba ya simu ya mtu binafsi hapaswi kulipwa.

Kuhusu kazi

Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 48 katika kila majuma mawili wakati wa muhula. Mwanafunzi wa shahada ya utafiti, akishaanza masomo, hana kikomo hicho. Viza ya utalii hairuhusu ajira.

Tangu Desemba 2015, sheria ya Australia inakataza kudai au kupokea malipo ili kumdhamini mfanyakazi apate viza. Hata anayetoa malipo hayo aweza kuadhibiwa, na viza yake kufutwa. Anayenunua udhamini, basi, hupoteza fedha na huhatarisha safari yenyewe.

Hatua za kuchukua

1. Hakikisha chuo na kozi vimo katika CRICOS, daftari la serikali la vyuo vinavyopokea wanafunzi wa kigeni. Husomwa bure kwenye intaneti.
2. Tazama anwani: ya chuo kwa kawaida huishia na .edu.au, na ya serikali .gov.au.
3. Ukipokea barua ya ufadhili, wasiliana na chuo kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa katika barua.
4. Ikiwa umekwisha kulipa, tunza ujumbe na stakabadhi zote, kisha toa taarifa mara moja polisi na kwa benki au kampuni ya simu uliyotumia.

Swali la kujipima

Wakala anakupa siku mbili kulipia “nafasi ya mwisho” ya uzamivu. Ni mambo gani matatu utakayoyathibitisha kwanza, na kwa nani?