Hema la Sherehe: Lifunge Kabla Halijaruka



Kiangazi kikianza, simu za ofisini kwetu hubadilika. Wakati wa baridi mnatuuliza juu ya bili ya gesi na ukungu ukutani; ikifika Juni mnauliza wapi pa kukodi viti. Kuna ubatizo, kuna mahafali, kuna harusi, na msiba nao haungoji msimu. Watu wengi, nyumba ndogo. Basi familia inanunua hema la kukunja la mita 3 kwa 3, lile ambalo dukani huitwa gazebo, na kulisimamisha uani. Somo la leo ni juu ya hema hilo.

Najua utasema, mimi nifundishwe hema? Nami nilisema hivyo hivyo. Nimekulia Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliokimbia Kongo, na turubai nilijua kulifunga kabla sijajua kusoma. Mwaka wangu wa pili London, siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, nilisimamisha hema kwa dakika kumi nikajisifu. Saa tisa alasiri upepo ulilinyanyua na miguu yake yote minne. Likapita juu ya meza ya chakula, likavuka uzio, likatua kwenye gari la jirani. Kioo tulikilipa kwa miezi mitatu. Lakini kinachonirudia usiku si kioo. Mguu mmoja wa chuma ulipita karibu na kichwa cha binti wa miaka minne aliyekaa mkekani, ukamwangusha kikombe mkononi.

Turubai la kambini lilishikwa na nyumba. Miti ilichimbiwa chini, kingo zilifukiwa udongo, baadaye tukajenga ukuta wa matofali mabichi. Hema la dukani ni paa tu juu ya fito nyembamba, na upepo ukiingia chini yake hulisukuma juu kama mwavuli. Fanya hesabu: paa lina mita 9 za mraba. Upepo wa maili 20 kwa saa unaweza kulivuta kwa nguvu ya kama kilo 40, na mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Hata lile paa kubwa la kitambaa la O2 kule Greenwich, lililobuniwa na wahandisi na kushikwa kwa nyaya za chuma, lilichanwa na dhoruba ya Eunice tarehe 18 Februari 2022.

Kwa hiyo uzito kwanza. Vigingi vyembamba vinavyokuja ndani ya boksi usivitegemee. Udongo wa London kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi: Julai ukikauka unakuwa kama tofali na kigingi kinapinda, mvua ikinyesha unalainika na kigingi kinatoka kama jino bovu. Tafuta vigingi vinene vya sentimita 30. Kipigilie kwa kukilaza kidogo, kichwa kielekee mbali na hema na ncha ielekee hemani, ndipo kamba ikivutwa kiushike udongo. Ila uani kwa watu, hasa kwenye bustani ya pamoja ya magorofa, chini kuna nyaya za umeme na mabomba. Muulize mwenye nyumba kabla hujashika nyundo.

Penye saruji, au pale usipojua kilichopo chini, tumia dumu. Ndiyo, dumu lile lile tulilopangia foleni bombani. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na manne yanatosha kwa siku ya upepo wa kawaida. Kuliweka tu juu ya kisahani cha mguu hakutoshi. Funga kamba kwenye kona ya juu ya fremu, ishuke kando ya mguu hadi kwenye mpini wa dumu, kisha uikaze. Usifunge kwenye uzio wa mbao, maana utaanguka nao, wala kwenye gari, maana shemeji atasahau na kuondoka.

Kusimamisha ni kazi ya watu wanne, kila mmoja na mguu wake. Fungua fremu nusu, vika paa, malizia kufungua, funga madumu, ndipo mpandishe miguu. Hakikisha kila kitufe kimelia na kutokeza kwenye tundu lake. Kuta za pembeni acha ndani ya boksi kama kuna upepo, kwa sababu hugeuka tanga la jahazi. Paa likaze vizuri ili mvua isituame: maji ya kina cha sentimita 5 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 50.

Jiko la mkaa lisiingie chini ya hema hata mvua ikinyesha. Paa hushika moto, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hata moto ukionekana umekufa. Ukiona mtu ameumwa kichwa, anasinzia na kutapika karibu na mkaa, mtoe kwenye hewa safi na piga 999.

Asubuhi ya shughuli, angalia utabiri wa Met Office kwenye simu. Usiishie kwenye upepo wa wastani. Tafuta neno gust, yaani upepo wa ghafla, kwa sababu huo ndio unaorusha hema. Kama unafika maili 20, omba ukumbi. Kama huna simu karibu, tazama miti. Karatasi zikipeperuka na matawi madogo yakitikisika, upepo uko kati ya maili 13 na 18: acha kula, kaza kamba. Miti midogo yote ikianza kuyumba, umepita 19, na hema lilipaswa kuwa chini tayari. Wageni watanung'unika. Waache wanung'unike. Na usiliache limesimama usiku eti kesho kuna wageni wengine.

Kwenye bustani za umma usisimamishe bila kuuliza. Nyingi ziko chini ya halmashauri ya mtaa wako, na kila halmashauri ina masharti yake. Hyde Park na Greenwich Park ziko chini ya Royal Parks, nako hema bila idhini haliruhusiwi, na kuchoma nyama ni marufuku.

Ofisini tuna madumu manne, kamba na nyundo. Ukihitaji kuazima, mwambie mhudumu wako siku mbili kabla, na uje na mtu wa kukusaidia kubeba.