Chunguza Nyonga za Mtoto Mapema

Wanakikundi, je, mmewahi kuona mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitembea kama bata, na majirani wanasema, "Mwacheni, atanyooka akikua"? Huenda nyonga yake haikukaa sawasawa tangu alipokuwa mchanga, na kungoja hakutamponya.

Nyonga ni kama mchi na kinu. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya shimo la mfupa wa kiuno. Kwa watoto wengine shimo hilo halina kina cha kutosha, basi mfupa huteleza nje. Mtoto mchanga haumii wala halii, ndiyo maana wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Hatari huzidi kwa wasichana, kifungua mimba, mtoto aliyetanguliza makalio, au kama kuna mwingine katika ukoo.

Mlaze mtoto chali, mkunje magoti, kisha fungua mapaja polepole. Paja moja likikataa kufunguka kama lenzake, au goti moja likiwa chini kuliko lingine, mpeleke kliniki. Usilazimishe, wala nyanya asimkande kwa kumvuta miguu. Siku za chanjo, wiki ya 6, 10 na 14, mama yuko kliniki tayari. Mwambie muuguzi aangalie nyonga pia. Mtoto mdogo hupimwa kwa altrasaundi, mkubwa kwa eksirei.

Kabla ya miezi 6, mara nyingi tiba ni mikanda laini inayoshika miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa, kwa wiki 6 hadi 12 hivi. Mama asiifungue bila ruhusa ya daktari. Akichelewa, mtoto hupewa dawa ya usingizi, mfupa unarudishwa, anafungwa plasta kutoka kiunoni hadi miguuni kwa miezi kama 3. Akishaanza kutembea, mara nyingi ni kupasuliwa. Hapo kikundi kina kazi! Mtoto mwenye plasta habebeki mgongoni, na shamba la mama linajaa magugu. Msaidieni palizi na nauli.

Kumbe ile desturi yetu ya kubeba mtoto mgongoni kwa leso, miguu imepanuka, ni nzuri kwa nyonga. Kibaya ni kumfunga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa.

Lakini mtoto akianza kuchechemea ghafla, ana homa na hataki mguu uguswe, usingoje siku ya kliniki. Huenda kuna usaha ndani ya kiungo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.